Sumaku Kwenye Tope la Maparoni

Mwanamume mmoja alimpiga Kudra kwa ubapa wa panga. Jino likang'oka, likaangukia topeni.

"Rupia alizofukia Mjerumani ziko wapi?"

Walikuwa watatu, wageni kutoka Ikwiriri, wasaka hazina waliozagaa huku deltani Maparoni siku hizi za ruksa, kila mtu akijitafutia apendavyo. Walikuwa wamejificha kwenye mikoko wakamwona akisogeza sumaku kwenye kichupa cha tope, na mshale wa mita ya umeme ukapanda. Kwao hiyo ilitosha.

"Si rupia, kaka zangu," Kudra alisema, damu ikimchuruzika kidevuni. "Humu mna nyuzi ndogo mno, hazionekani kwa macho. Zinapitisha umeme. Sumaku ikikaribia, zinapitisha zaidi. Ndiyo kazi iliyonirudisha nyumbani kutoka chuo kikuu."

"Dada, unatufanya watoto?"

Mwenye panga alimkandamiza mkono juu ya gogo. Panga likashuka. Kidole cha mwisho kikabaki pale juu ya gogo, kucha bado nyekundu kwa hina ya harusi ya dada yake.

Kudra hakulia. Aliwatazama miguuni: mabuti mazito, ya watu wasiolijua tope. Kisha akautazama mkondo. Maji yalikuwa yameanza kujaa.

Akainua mkono uliobaki mzima, sumaku ingali kiganjani, akaelekeza kwenye uwazi usio na mkoko hata mmoja, mahali ambapo utotoni mama yake aliwahi kumchapa kwa kupasogelea tu.

"Pale katikati," alisema. "Nendeni wote. Sanduku la rupia ni zito."