Mkono wa Jirani

Siku hizi milango haina kufuli. Kando ya kila mlango kuna beseni la maji ya chumvi, na ndani yake anaishi anemoni, mnyama wa baharini mwenye minyiri ya sumu. Huchukua wiki sita za kumgusa kila asubuhi mpaka aizoee ngozi ya mtu na kumfungulia. Asiyezoeleka huungua.

Mwanahawa alirudi Tanga baada ya miezi minne ya kumuuguza mama yake. Mumewe, Khatibu, alikuwa kazini. Mwanahawa alijua anemoni husahau ngozi asiyoigusa kwa muda mrefu, lakini uchovu ulimzidi, akatumbukiza mkono mzima katika beseni la mlangoni kwake. Minyiri ikamng'ang'ania. Moto ukampanda hadi begani, akapiga yowe.

Salha, jirani yake, alikuja mbio. Bila kusita alizamisha mkono mtupu, akaibandua minyiri mmoja mmoja kwa upole mpaka Mwanahawa akachomoka.

“Pole, shoga yangu. Nikuletee siki?”

Mwanahawa aliutazama mkono wa Salha unaochuruzika maji, laini, hauna hata kipele.

Nyuma yao, taratibu, mlango ukafunguka.