Niliyemkabidhi Binti Yangu

Kwa mshonaji nilisikia kwamba msichana akirudi kutoka matembezi yale, hamuulizi tena mama yake kitu. Nilicheka, lakini neno lile halikunitoka.

Hapa Mombasa matembezi huanzia Makadara. Kiongozi huwapitisha wasichana mtaani, na kila ukuta humtoa mwanamke wa India ya zamani: daktari wa kwanza, rubani wa kwanza, wakili wa kwanza. Wanajibu kama walio hai. Na sheria ni kwamba mzazi akimwachia mmoja wao swali la mwanawe, huyo huwafuata nyumbani.

Mimi sikuijua. Tulipofika kwenye ukuta wa daktari, binti yangu Nasreen aliniuliza, "Mama, mtu akilala, moyo nao hulala?"

Niliishia darasa la saba. Nikamwambia, "Muulize huyo daktari, mwanangu. Mimi nimesoma nini?"

Kiongozi akatabasamu. "Ahsante, mama. Umeshamkabidhi."

Sasa Daktari Kesarbai yuko ukutani jikoni kwangu, na sari yake nyeupe isiyochafuka. Juzi Nasreen alivunja ungo, nami nikajua kwa kuwasikia wakicheka.

"Mbona hukuniambia?"

"Bi Kesar alishanieleza, Mama. Tena vizuri." Kisha akamgeukia. "Eti Bi, nimweleze na yeye?"

Wenye mabinti, epukeni haya:

Kusema hamjui, mbele ya ukuta wowote.
Kujidharau mtoto akisikia.
Kumpisha mgeni jikoni kwa adabu.
Kumuuliza mtoto anampenda nani zaidi, maana atamtazama yule wa ukutani kwanza, ndipo akujibu.