Wino wa Mkwe

Foleni ilipofika mlangoni, Nasike alimwona aliyeshika kopo la wino, akajifunika uso kwa leso. Alikuwa Mabonga, mume wa binti yake. Kwao, mtu na mama mkwe wake hawagusani hata mkono, na bila kuchovywa kidole na mwenye wino hakuna kura.

Akageuka kuondoka, roho ikimuuma. Dada zake wote walikuwa wameolewa kusini, ng'ambo ya mto. Siku hiyo watu wa koloni walikuwa wakiamua wajiunge na nchi jirani ya kaskazini au ya kusini. Wakichagua kaskazini, daraja la kuvukia kwa dada zake lingefungwa.

"Unakwenda wapi?" aliuliza mwanamke wa nyuma yake. "Mkwe hang'ati!"

"Mwambie huyo mwenye wino kwamba mimi siwezi," Nasike alinong'ona.

Mabonga alikuwa amesikia. Aliliweka kopo chini, akarudi nyuma, akaugeukia ukuta.

"Wewe!" Mzungu msimamizi alifoka. "Utajuaje kama amechovya?"

"Bwana," Mabonga alijibu akiwa bado ametazama ukuta, "huyu mama alinipa mke. Leo nimnyime imani kwa tone la wino?"

Foleni nzima ikacheka. Mzungu akaguna, akampungia Nasike apite.

Nasike alichovya kidole mwenyewe, akaingia nyuma ya pazia, akaitumbukiza kura yake katika sanduku la kusini. Alipotoka, alishusha pumzi. Kule darajani wanawake wa ng'ambo walikuwa wakivuka na kuni kichwani, naye akaenda kuwalaki, kidole juu, wino ukiwa bado haujakauka.