Nyumba ya Ng'ambo ya Mtaro

Gwantwa alilipiga shati la mumewe kwenye jiwe la kufulia kana kwamba jiwe ndilo lililotuma ule ujumbe.

"Hebu soma tena," alisema.

Osea akainua simu. Alikuwa fundi wa kushona maturubai ya malori, vidole vizito, na kila alipogusa kioo ujumbe ulimkimbia. "Danford anasema kodi ya ardhi imefika. Na ya jengo. Na mita ya maji."

"Maji! Nyumba haina mpangaji tangu Krismasi, nani anaoga?"

"Mita inalipiwa hata isipozunguka, Mama Lusungu. Ndizo taratibu za wenzetu."

Wenzetu walikuwa Nakonde, Zambia, ng'ambo ya mtaro uliopita nyuma ya nyumba yao. Huko ndiko marehemu shangazi yake Osea, aliyemlea tangu mdogo, alikomwachia nyumba. Majirani wa Tunduma walimwonea Gwantwa wivu: eti ana nyumba nje ya nchi! Yeye alichojua ni kwamba kila mwaka, mahindi yakianza kukauka shambani, nyumba ile huamka na njaa. Mwaka juzi paa. Mwaka jana halmashauri ya kule ilitaka mtaa mzima upakwe rangi upya. Danford, mlinzi, naye ana tumbo. Na kwacha, fedha ya huko, sijui nani huitonya, hupanda siku ileile wanayotaka kuinunua.

Ndani, Lusungu alikohoa. Mtoto alilala kwenye chumba ambacho hakijawahi kwisha, dirisha limezibwa kwa kipande cha turubai, na baridi ya Juni iliingia itakavyo. Kila mwaka Gwantwa alitenga fedha za kioo na dari, na kila mwaka fedha hizo zilivuka mtaro.

"Iuze," alisema.

"Ni nyumba ya shangazi."

"Shangazi angemsikia huyu anavyokohoa, angeiuza mwenyewe."

Osea akairudisha simu mfukoni. Gwantwa akalivuta shati kwa hasira. Likachanika kwenye kinundu cha chuma kilichochomoza katikati ya jiwe. Walilikuta pale mbele ya mlango siku walipohamia, bonge la zege, na Osea alijaribu kuling'oa kwa sururu mpaka mpini ukavunjika.

"Na hili nalo!" Gwantwa alifoka.

"Angalau hili halidai kodi," Osea alisema, na wote wawili wakacheka bila kupenda.

Wakaiuza. Aliyeinunua ni Danford mwenyewe, akichangiwa na mashemeji zake, kwa bei ambayo Osea hakutaka kuitaja mbele za watu. Siku ya kukabidhi funguo, Danford alimshika Gwantwa mkono kwa mikono miwili.

"Mtatukumbuka, bamayo," alisema, akimwita mama kwa lugha ya kwao.

"Wewe nitakukumbuka, baba. Kodi zenu, hapana!"

Alirudi nyumbani anatembea kama mtu aliyetua ndoo ya maji. Kabla mwezi haujaisha kioo kiliingia, dari ikapigwa, kuta zikapakwa rangi ya maziwa. Usiku wa kwanza Lusungu alilala mpaka asubuhi, mdomo wazi, kifua kimya. Gwantwa alisimama mlangoni akimtazama, na moyoni akamshukuru hata Mzee Yesaya, aliyewauzia kiwanja hiki kwa bei ya kutupa, mbio mbio, akahamia Vwawa bila hata kuaga majirani.

"Hapa ni kwetu," alimwambia Osea. "Hapa hatudaiwi na nchi ya mtu."

Wiki iliyofuata wakapita wapimaji, wa Tanzania na wa Zambia pamoja, wakizitafuta alama za zamani za mpaka. Gwantwa alikuwa akifua. Hakuwajali. Mpaka ni mtaro, kila mtoto wa mtaa ule alijua, na mtaro ulikuwa nyuma ya nyumba.

"Samahani, mama," alisema binti wa upande wa Tanzania, aliyebeba kifaa cha kupimia. Alitazama kifaa, kisha akatazama miguuni pa Gwantwa. "Tusogezee beseni kidogo."

Akapiga magoti. Akapangusa povu, akakwangua kwa kisu kuzunguka kile kinundu. Zikajitokeza herufi, kisha namba. Akazisoma kwa sauti. Mpimaji wa Zambia, mzee mwenye kofia ya sufu, akazifuata kwa kidole kwenye ramani yake na kuitikia kwa kichwa. Jiwe likapuliziwa rangi nyekundu.

"Sasa na mtaro?" Gwantwa aliuliza, shati linamchuruzika mkononi.

"Mtaro ni wa maji ya mvua, mama."

Binti akakunja miguu ya kifaa chake, akabaki upande wa jiwe ulioelekea barabarani. "Sisi tunaishia hapa," alimwambia mwenzake. "Kuanzia hapo ni kazi yako, mzee."

Mzee akavua kofia, akaliruka jiwe, akaenda hadi kwenye dirisha jipya. Akaligusa kwa ukucha, polepole, asije akamwamsha mtoto.

"Nyumba nzuri, bamayo," alisema. "Kodi ya ardhi mmekuwa mkimlipa nani huku kwetu?"