Tone kwa Tone

Farasi jike alikuwa ameanguka bandani, misuli ikimcheza, jasho likimchuruzika. Kunyonyesha kulikuwa kumemkausha kalsiamu mwilini.

Mwenye farasi, roho mkononi, aliinua chupa ya kalsiamu iliyounganishwa kwa mrija na mshipa wa shingo ya mnyama. "Daktari, niinue zaidi iingie upesi? Anatutoka huyu."

"Ukiiharakisha, mama, moyo utasimama," alijibu daktari wa mifugo, akisikiliza mbavuni mwa mnyama.

Dawa ikaendelea kushuka tone kwa tone. Kisha daktari akakunja uso. "Moyo umeruka pigo. Shusha chupa."

Mwenye farasi akaishusha hadi usawa wa kifua. Daktari aliendelea kusikiliza, akihesabu mapigo.

Mtoto wa farasi akalia mlangoni. Mama yake, akiwa bado amefumba macho, akageuza sikio moja upande ule.