Pini ya Kitambaa

Wachuka alichomoa pini kwenye kitambaa chake cha kichwa, akamdunga mumewe kidole gumba cha mguu.

"Unasikia?"

"Nasikia."

Wachuka akalia kwa furaha. Siku tatu tangu gogo limwangukie mumewe kwenye kiwanda cha mbao Elburgon, miguu hiyo ilikuwa kama ya mtu mwingine. Asubuhi daktari alikuwa amemweleza kwamba gogo lilivunja mfupa wa mgongo, lakini kinachomaliza neva sasa ni njaa. Damu haifiki vizuri, sukari haichomwi kikamilifu, asidi inajaa, na seli zinazokufa zinaua jirani zake. Wachuka ni mkulima wa viazi, alielewa upesi. Kimoja kikioza, gunia zima limeenda.

Akadunga tena, kwa nguvu. Tone la damu likatokea, dogo kama mbegu ya sukuma wiki. Kidole hakikushtuka.

"Unasikia?"

"Nasikia."

Mumewe alikuwa amefungwa shingo, hawezi kuona ila dari ya wodi. Wachuka akaishika pini hewani, mbali kabisa na ngozi.

"Na sasa?"

"Nasikia," akasema polepole. "Hapo hapo kwa kidole. Sasa usilie tena."

Daktari akatokea mlangoni na faili mkononi. "Mama, kuna mahali anasikia?"

Wachuka alirudisha pini kitambaani. Akalipangusa lile tone kwa kiganja, akaufunika mguu kwa blanketi.

"Anasikia, daktari," akasema. "Anasikia kote."