Faili la Kasuku

Ufunguo uligoma mara mbili, mara ya tatu ukazunguka. Droo ikatoka kwa mlio uliomfanya Mama Siri ageuke kuutazama mlango kama mwizi wa kuku.

Hakukuwa na mtu. Ilikuwa saa saba na robo mchana na wote walikuwa wamekwenda kula. Mpokezi alikuwa ameacha sweta lake kitini, na simu ya mezani ililia weee mpaka ikachoka.

Chumba hakikuwa chake. Kilikuwa cha Dada Mpole, mshauri mwenzake katika kituo kile cha ushauri nasaha kwa vijana. Mama Siri, kama mkuu wa kituo, alikuwa na funguo za akiba za makabati yote, kwa ajili ya dharura. Tangu asubuhi alikuwa akijiambia kwamba hii nayo ni dharura.

Jina la Mama Siri alipachikwa na vijana wenyewe. Kwa miaka kumi na tisa walimweleza ya moyoni, na hakuna neno lililovuka mlango wake. Washauri wapya wote walipitia mikononi mwake, na somo la kwanza lilikuwa lile lile: "Kijana akikupa neno, umelimeza. Mzazi aje analia, aje na mkuu wa polisi, umelimeza. Labda maisha yawe hatarini." Dada Mpole aliliandika somo hilo akiwa na miaka ishirini na mitatu.

Faili alilolitafuta lilikuwa jembamba. Lilikuwa la binti yake.

Nyumbani walimwita Kasuku, kwa sababu tangu ajue kusema hakuwahi kunyamaza. Alisimulia ndoto zake mswaki ungali mdomoni. Kisha, miezi mitatu iliyopita, akiwa na miaka kumi na sita, akanyamaza. Chakula akawa anachukua na kujifungia nacho chumbani. Ukimuuliza lolote, jibu lake ni maneno mawili: "Niko sawa."

Mama yake alijaribu kila njia anayoijua mzazi. Alibembeleza, akafoka, akanunua viatu, akawahoji marafiki. Baba mtu alimwambia, "Mke wangu, mwache mtoto apumue." Lakini mama mwenyewe pumzi zilikuwa zikimkatika.

Kumshauri mtoto wa kumzaa mwenyewe hakuruhusiwi, na mji ule ulikuwa na mshauri mmoja tu mwingine wa vijana. Akampeleka kwa Dada Mpole, akatia saini fomu kama mzazi yeyote.

Wiki ya tatu uvumilivu ulimwishia. Alimkuta Dada Mpole akisuuza kikombe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Vipi mwanangu?"

"Akiwa hatarini utajua saa hiyo hiyo. Mengine ni yake."

"Mimi ndiye niliyekufundisha maneno hayo, we binti."

"Ndiyo maana yamenikaa kichwani."

Wakacheka wote wawili. Mama Siri akarudi chumbani kwake, akaketi, na kicheko kikamkauka mdomoni.

Basi jana Kasuku alirudi kutoka kituoni macho yamemvimba, lakini akala mezani. Akaomba aongezewe. Akamcheka baba yake kwa soksi alizovaa rangi mbili mbili. Baba mtu akamkonyeza mkewe kwa furaha. Mama naye akatabasamu, huku kitu kama mwiba kikimchoma kifuani. Amefunguka, aliwaza, na si kwangu. Nimemzaa, nimemnyonyesha, nimewasikiliza watoto wa watu miaka yote hii, na wangu kampelekea mwingine ya moyoni mwake.

Sasa alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja, faili mapajani. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Nikishajua nitalirudisha, alijiambia. Ni ili nimsaidie tu.

Kurasa tano za kwanza zilikuwa karibu tupu. "Amekaa kimya dakika hamsini." "Amekaa kimya. Amechora ndege." "Kimya." Mama Siri alivuta pumzi. Alikuwa amejiandaa kwa mabaya yote aliyowahi kuyasikia kazini: mwanamume mtu mzima, dawa za kulevya, mimba, ndugu asiyeaminika. Yote alikwisha kuyasamehe kabla hajayasoma.

Ukurasa wa sita ulikuwa wa jana. Mwandiko wa Dada Mpole ulikuwa safi, umenyooka, kama alivyofundishwa.

"Leo amezungumza. Hakuna aliyemgusa wala hayuko hatarini. Miezi mitatu iliyopita mama yake alimuuliza mezani, kwa upole sana, kuhusu jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu yeyote. Alikuwa ameliandika tu, kwenye daftari analolificha. Tangu siku hiyo hakuandika tena, na nyumbani akaacha kusema. Ameniuliza kama mama yake anaweza kuyasoma na haya. Nimemwambia hapana, mama yake ndiye aliyenifundisha kazi hii. Amelia sana, kisha akaniamini. Aliyoyasema baada ya hapo yako nyuma ya karatasi hii."

Mama Siri alisoma hadi nukta ya mwisho, machozi yakidondokea wino. Kisha akaigeuza karatasi.